Mbona hawafanani na wazazi? Kutafuta chanzo cha rangi za ajabu kwenye banda la sungura

Jike wangu mweupe wa kwanza alipozaa, jirani alichungulia sandukuni akaguna. Watoto walikuwa saba, wana siku ya sita, na wote saba wametoka na manyoya ya hudhurungi yenye vumbivumbi jeusi, matumbo meupe, utadhani ni wale wanaokatiza mbele ya pikipiki usiku ukitoka Pongwe, hapa Tanga. Mama yao mweupe pe, baba yao mweusi tii.

"Mwenzangu, hapa kaingia wa porini," akasema. "Wavu wako una tundu."

Usiku ule nikaukagua wavu wote kwa tochi. Tundu sikuliona.

Tangu siku hiyo nimeletewa mashauri mengi ya namna hii, maana mtu akisikia unafuga sungura Mikanjuni na una daftari, anakuja na kikapu. Karibu yote yanajirudia. Nimeyapanga kwa malalamiko yenyewe, jinsi watu wanavyoyasema, kisha chanzo, kisha cha kufanya.

Lile la wa porini tulitoe mapema. Sungura wa porini anayeonekana huku kwetu kwenye mashamba ya mkonge hawezi kuzaa na huyu wa bandani. Watoto wa yule huzaliwa na manyoya tayari, macho wazi, siku hiyohiyo wanajificha kwenye nyasi. Wa kwetu huzaliwa uchi na macho yamefumba, huyafumbua siku ya 10 hadi 12. Hata kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya mwili, hazilingani: wa bandani ana 44, wa porini ana 48. Usinunue wavu mpya kwa sababu hiyo.

Kwanza hakikisha baba ni nani

Kabla ya kuingia kwenye jeni, yaani vinasaba vya urithi, uliza maswali ya kawaida kabisa. Jike alikaa na madume mangapi? Sungura jike hana siku zake kama ng'ombe; yai hushuka baada ya kupandwa, takriban saa kumi baadaye. Kwa hiyo akipandwa na madume mawili kwa siku moja, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Nimeona kwa mtu aliyepandisha dume la kwanza asubuhi, akaona limepanda kivivuvivu, akaleta la jirani jioni. Watoto walipotoka nusu hivi na nusu vile, akaja kuniuliza kuhusu vinasaba.

Swali la pili ni la vijana wa humohumo bandani. Dume wa miezi mitatu na nusu anaonekana bado mtoto, ananyonya maji kwa pupa na kurukaruka, lakini wengine umri huo tayari wanaweza kutia mimba dada zao na hata mama yao. Mimi huwatenganisha wakifika wiki 12, bila kusubiri ushahidi. Kama hukutenganisha, na mimba ya siku 31 ukiihesabu kurudi nyuma inaangukia wakati wale vijana walikuwa pamoja, basi usihangaike na sehemu inayofuata.

Ukishajua baba ni mmoja na unamfahamu, tuendelee.

"Mweupe kwa mweusi, wametoka rangi ya porini"

Hili ndilo lililonikuta mimi. Jibu lilikuwa ndani ya yule mweupe.

Sungura mweupe wa macho mekundu, kama wengi wa hawa wa aina ya New Zealand, amekosa wino tu. Mfikirie kama mtu aliyejifunika shuka: chini ya shuka kavaa nguo kamili, za rangi fulani na mtindo fulani, ila huzioni. Shuka lenyewe ni jeni moja, c ndogo, na lazima ziwe mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kila sungura ana nafasi mbili kwa kila jeni. Akiwa na C kubwa hata moja, shuka linaanguka.

Dume langu jeusi lilikuwa na C kubwa. Likampa kila mtoto moja, shuka likaanguka kwa wote, na nguo za mama zikaonekana. Mama alikuwa amevaa A kubwa, jeni inayoupa kila unyoya pete za rangi. Baba, kwa kuwa ni mweusi mtupu, alikuwa na a ndogo mbili. A kubwa ikikutana na a ndogo, kubwa ndiyo inayoonekana. Kwa hiyo mweupe pe na mweusi tii wakazaa watoto wa hudhurungi, na hakuna aliyeruka wavu.

Kuthibitisha ni rahisi, wala hakuhitaji maabara. Subiri mtoto afike wiki nne. Mweke mapajani, kichwa kimeelekea kwapani kwako ili atulie, kisha puliza manyoya ya mgongoni taratibu mpaka yafunguke kama ua. Mwenye A kubwa utamwona ana duara ndani ya duara: karibu na ngozi kijivu kinachoelekea buluu, katikati pete ya rangi ya chungwa iliyofifia, na kwenye ncha weusi. Mweusi mtupu ukimpuliza hana pete. Ni kijivu kilichokoza chini, kinapanda kikawa cheusi juu, basi. Ukiona uvivu kupuliza, mgeuze chali: mwenye A ana tumbo jeupe, ndani ya masikio kumepauka, na chini ya mkia ni kweupe. Kwa watoto wachanga masikio na tumbo vinakuambia mapema, siku ya tano au ya sita, kabla pete hazijaonekana.

Sasa tumia hesabu ya uzao wenyewe. Kama mama angekuwa na A kubwa moja na a ndogo moja, kila mtoto angekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kutoka mweusi. Watoto saba kutoka wote na pete kwa bahati tu ni mara 1 katika 128. Inawezekana, lakini mimi nilimwandika kwenye daftari kuwa ana A mbili na hajawahi kuniaibisha.

Ukitaka weusi kutoka kwenye damu ya mweupe kama huyo, usimlaumu wala usimuuze. Chukua binti yake mmoja wa hudhurungi, mpandishe kwa dume mweusi asiye ndugu. Binti ana a ndogo aliyopewa na baba yake, kwa hiyo takriban nusu ya wenye rangi watatoka weusi.

Kinyume chake nacho huulizwa: wawili wenye rangi ya porini wakazaa mweusi. Hilo ni jambo la kawaida, kila mmoja alificha a ndogo. Lakini weusi wawili wakizaa mwenye pete, hapo rudi kwenye swali la baba. Weusi wa kweli hawana A ya kutoa. Kuna mwanya mmoja tu: jeni iitwayo stili humkoza sungura mwenye pete mpaka aonekane mweusi, hasa akiwa nayo mbili. Mtoe nje kwenye mwanga, angalia ubavuni na nyuma ya mapaja. Ukiona ncha za manyoya zimemetameta kwa dhahabu au fedha, kama mtu aliyenyunyiziwa unga, huyo "mweusi" wako ana A chini yake.

"Weusi wawili, katoka mweupe mmoja"

Hapa ndipo wanunuzi wanapogombana na wauzaji. Mtu ananunua jozi nyeusi, anaambiwa ni damu safi, uzao wa pili anatokea mtoto wa macho mekundu kama punje ya komamanga. Anarudi kudai hela.

Muuzaji huenda hakudanganya. Kila mmoja wa weusi hao alikuwa na C kubwa moja na c ndogo moja. Mweusi wa namna hiyo kwa macho hatofautiki na mweusi mwenye C mbili. Mtu anaweza kumfuga miaka miwili bila kujua. Wakikutana wawili wenye c, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kupata c zote mbili. Ndiyo maana uzao wa kwanza wakati mwingine haumwoni: kwa watoto sita, nafasi ya kutotoka hata mweupe mmoja ni kama 18 katika 100. Uzao mmoja safi hauthibitishi kitu, na muuzaji anayekuambia "mama yao alizaa weusi watupu" anasema kweli na bado hajakusaidia.

Cha kufanya kinategemea unataka nini. Kama unafuga kwa ajili ya nyama, mweupe ana ladha ileile. Endelea na maisha. Kama unauza weusi wa kuzalisha, mjaribu dume kwa jike mweupe wa macho mekundu. Dume mwenye c ndogo atatoa weupe nusu. Wakitoka watoto saba wote wana rangi, nafasi kwamba bado anaificha ni ileile 1 katika 128, na mimi hapo nalala usingizi. Dume ni rahisi kumjaribu kuliko jike, kwa sababu majike mawili weupe wanakupa jibu ndani ya mwezi mmoja. Na wale watoto weusi waliozaliwa pamoja na huyo mweupe wa ajabu, uzao mmoja? Katika kila watatu, wawili kwa wastani wameibeba c. Waambie wanunuzi wako. Mji huu si mkubwa kiasi cha kukimbia aibu.

"Weupe wawili, watoto wana rangi"

Weupe wawili wa macho mekundu, wote c mbili, hawawezi kuzaa mwenye rangi. Hawana C ya kutoa. Kwa hiyo ukiletewa shauri hili, kuna mambo matatu tu, nayo nayaangalia kwa mpangilio huu: macho, kucha, na baba.

Macho kwanza, kwenye mwanga wa nje. Kuna weupe wa macho ya buluu. Hao weupe wao unatoka kwenye jeni nyingine kabisa, inayoitwa Vienna, wala si c. Mpandishe mweupe wa macho ya buluu kwa mweupe wa macho mekundu, kila mmoja anampa mtoto kile ambacho mwenzake hana, na watoto wanatoka na rangi zao, wengine wana mstari mweupe usoni, soksi nyeupe, au jicho moja la buluu. Huyo wa jicho moja hushangaza watoto wa mtaa wote.

Kucha ni pa pili, na hapa Tanga ndipo makosa yanapozaliwa. Sungura wa aina ya California anapaswa kuwa mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Kwenye joto letu alama hizo zinafifia mpaka mtu asiyezoea anamwita mweupe. Macho yake nayo ni mekundu, kwa hiyo macho hayasaidii. Tazama kucha: mweupe wa c mbili ana kucha zisizo na rangi, California hata akififia kucha zake zina wino. Huyo ana jeni ya Himalaya, ambayo imekaa ngazi moja juu ya c ndogo na chini ya C kubwa. Akipandishwa kwa mweupe anaweza kutoa watoto wenye alama, aghalabu hafifu. Lakini zingatia hili: California na mweupe hawawezi kuzaa mweusi wa mwili mzima, kwa sababu aliyesimama ngazi ya chini hawezi kuficha ngazi ya juu. Akitoka mweusi wa mwili mzima, nenda kwenye jambo la tatu, ukamtafute baba.

"Nilinunua pua nyeusi, sasa ni rangi ya chai ya maziwa"

Hili lilinipa hasira mimi mwenyewe. Nilipanda Lushoto kumfuata dume la California. Kule juu Usambara, karibu mita 1,400, asubuhi unapumua mvuke. Lile dume lilikuwa zuri: pua kama limechovya kwenye wino, masikio meusi mpaka shinani, miguu minne kama imevaa buti. Nikateremka nalo kwenye basi, boksi miguuni, abiria wa jirani akilipa karoti kupitia tundu. Mwezi wa pili kaskazi imepamba moto, dume likapukutisha manyoya. Mapya yalipoota, pua ilikuwa chai ya maziwa, masikio yamebaki na weusi ncha tu, na miguu ya mbele inaonekana kama imekanyaga jivu. Nikaamini nimeuziwa sungura aliyepakwa hina. Nilisugua pua kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Haikutoa rangi.

Jeni ya Himalaya inatengeneza kimeng'enya dhaifu cha wino. Kinafanya kazi kwenye ngozi iliyopoa, kwenye ngozi ya moto kinalala. Mwili wa sungura una joto la nyuzi 38.5 hadi 39.5, kwa hiyo mwili mzima unabaki mweupe. Pua, masikio, miguu na mkia, vilivyo mbali na moyo na kupigwa na hewa, ndivyo vinavyopoa na kupata wino. Jaribio la siku nyingi la maabara linaonyesha wazi: ukinyoa mahali mgongoni pa sungura wa Himalaya na kupafunga barafu, manyoya yanayoota pale hutoka meusi. Sasa mtoe kwenye baridi ya Lushoto umlete chini ya bati la Mikanjuni, sehemu zilizokuwa zimepoa hazipoi tena.

Kwa hiyo dume lilikuwa halali, aliyebadilika ni hewa. Kufifia huko hakurithiwi. Watoto wake wakipelekwa Lushoto watatoka weusi pua kama baba alivyokuwa. Na rangi haibadiliki kwenye unyoya uliokwisha kuota, hubadilika kwenye mpya, ndiyo maana huoni kitu mpaka anyonyoke. Dume langu lilirudisha weusi kiasi kusi ilipovuma, Juni mpaka Agosti, halikurudi kama nilivyolinunua. Niliezeka makuti juu ya bati na kulihamishia upande wa mwembe. Sikufanya hivyo kwa ajili ya pua: joto likipita nyuzi 30 mbegu za dume hupungua nguvu, na unaweza kukaa wiki kadhaa unapandisha bila mimba. Pua iliyofifia wakati wa kaskazi naichukulia kama kengele ya banda lenye moto.

Kuna sura mbili ndogo za tatizo hilihili. California aliyeumia mgongoni akaota baka jeusi pale palipokuwa na kidonda: ngozi ilipoa, tulia, litaondoka akinyonyoka tena. Na watoto wa California wanaotoka na ukungu wa kijivu mwilini: walipigwa na baridi sandukuni, pengine mama alijinyonyoa manyoya kidogo mno. Nao hujisafisha wakibadili manyoya ya utotoni.

"Madoa kwa madoa, wengine wametoka karibu weupe na matumbo makubwa"

Malalamiko mengine yote ni ya rangi. Hili ni la maisha ya mnyama, na ndilo ninalotaka watu walijue hata wakisahau mengine.

Madoa ya mabakamabaka, uso wenye kipepeo puani, yanatokana na jeni moja, En. Sungura mwenye madoa mazuri ana En moja tu. Nafasi yake ya pili ina en ndogo, isiyotia madoa, na ndiyo maana madoa kwa madoa hayawahi kutoa madoa matupu. Robo ya watoto wanatoka rangi kamili bila doa, nusu wanatoka madoa, na robo inayobaki inapata En mbili. Hao wa En mbili ndio wale karibu weupe: masharubu madogo puani, kivuli kuzunguka macho, masikio yenye rangi, mstari uliokatikakatika mgongoni, basi.

Shida ni kwamba jeni hii, iitwayo KIT, haifanyi kazi ya rangi peke yake. Seli zinazoendesha mwendo wa utumbo zinaihitaji pia. Wenye En mbili wengi hupata utumbo mpana uliotanuka na kulegea. Si wote, na si kwa kiwango kimoja, lakini dalili ukizijua huzisahau. Mavi ya sungura mzima ni vidonge vya mviringo, vikavu, vinalingana kama mbaazi. Ya huyu ni makubwa, yamepinda, mengine laini, mengine yana utelezi. Tumbo linajaa, anakula lakini mgongo unabaki na mifupa. Siku mbili anachangamka, ya tatu amejikunyata pembeni anasaga meno. Mara nyingi watu wanampa dawa ya minyoo, kisha dawa ya kuhara, kisha wanabadilisha chakula mara tatu ndani ya wiki, na hilo la mwisho ndilo linalommaliza.

Dawa ya kumponya hakuna. Unaweza kumpunguzia: nyasi kavu zisikatike mchana na usiku, maji safi, chakula kisibadilishwe ghafla, pumba na vyakula vya wanga viwe kidogo. Kuzuia ndiyo kazi. Pandisha mwenye madoa kwa asiye na doa. Nusu watatoka madoa, nusu kamili, na hakuna wa En mbili hata mmoja. Mtu atakuambia mweupe-masharubu mzima akipandishwa kwa asiye na doa, watoto wote wanatoka madoa, kwa hiyo ni faida. Ni kweli kabisa, hesabu ni hiyo. Mimi sitaki kumtengeneza mnyama wa kuumwa tumbo ili nipate kipepeo puani.

Na kama wawili wenye rangi, wasio na doa kabisa, wamezaa mwenye mabaka? En haijifichi. Ama baba ni mwingine, ama ni weupe wa aina nyingine: wa Vienna tulioutaja, au wa Dutch, wenye mshipi mweupe kifuani na soksi, ambao hujificha na kuibuka.

Kijivu, chokoleti na machungwa, kwa haraka

Hizi huulizwa sana na hazina shida yoyote. Mtoto wa kijivu-buluu kutoka kwa weusi: wazazi wote wameficha d ndogo, inayopunguza makali ya wino. Wa chokoleti: b ndogo mbili, wino umegeuka kahawia. Akipata b mbili na d mbili pamoja, anatoka rangi ya njiwa yenye wekundu kwa mbali, na watu wanagombea kumnunua. Mwenye mgongo wa machungwa na uso, masikio na mbavu za moshi ni mweusi aliyepata e ndogo mbili; moshi ni ishara kwamba hana A. Akiwa na A, machungwa yake huwa safi na tumbo jeupe. Wa fedha anayefanana na wa porini lakini pete zake ni nyeupe badala ya za chungwa ni chinchila, ngazi moja chini ya C kubwa. Wote hawa wanakupa taarifa ya bure kuhusu wazazi. Iandike siku hiyohiyo, ubavuni mwa tarehe ya kuzaa, maana kwenye uzao wa nne utasahau nani alizaa nini.

"Mweusi wangu anageuka mwekundu"

Binti wa jirani alikuja na jike lake kwenye ndoo, kafunika khanga. "Shikamoo. Ameanza kuwa kahawia, nimuuze kabla hajaisha?"

Nikampa kazi ya kupuliza. Mgongoni, ubavuni, kisha shingoni. Ncha zilikuwa nyekundu kama kutu ya bati, lakini chini, karibu na ngozi, kijivu kilichokoza, na katikati weusi. Huyo si chokoleti. Chokoleti ukimpuliza hana weusi popote, ni kahawia inayoshuka mpaka kijivu chepesi karibu na ngozi, na jicho lake kwenye mwanga wa pembeni hutoa wekundu kwa mbali. Kahawia haianzi ukubwani, anazaliwa nayo.

Kutu ya nchani ni jua, au mkojo, au manyoya yaliyozeeka yakisubiri kupukutika. Angalia imekaa wapi. Ikiwa mgongoni na upande mmoja, ni jua. Ikiwa mapajani, tumboni na chini ya miguu, banda halisafishwi na mkojo umeyapaka rangi. Ikiwa imetapakaa, na manyoya ukiyavuta kidogo yanatoka mkononi, anabadili manyoya, mwache. Kijivu kinachoingia mwilini kote bila mpangilio, manyoya yakiwa makavu na hafifu, kwa sungura anayeishi kwa pumba na majani ya aina moja, huweza kuwa upungufu wa madini ya shaba. Mchanganyie chakula na umwone mtaalamu wa mifugo kabla ya kumwaga madini kwa kukisia, kwa sababu shaba ikizidi ni sumu.

La yule binti lilikuwa ubavu wa kulia tu. Nikamuuliza banda linatazama wapi. Linatazama magharibi, na jike hupenda kulala kona ileile. Akaligeuza. Mwezi wa nne jike likanyonyoka, weusi ukarudi, isipokuwa ncha ya sikio moja, ambalo bado hulitoa nje ya kivuli jioni jua likizama.